BUSTANI YA NYUMBANI: Pima Uchachu wa Udongo Kabla ya Kumwaga Majivu



Safu hii imezoea kuwapa wengine mashauri. Juma hili hapana budi ianze kwa kuungama kosa. Shauri nililolitoa mimi mwenyewe, kwa nia njema lakini bila kipimo, lilimharibia jirani yangu mboga za msimu mzima hapa Kinindo. Wahenga walisema kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Basi na tuitazame njia hiyo pamoja, ili asije mwingine akapotea palepale.

Jirani huyo ni mama wa watoto wanne. Nyuma ya nyumba yake ana matuta sita ya lengalenga, maharagwe, nyanya, biringanya na pilipili. Mboga zinazozidi mahitaji ya chungu chake huwauzia majirani kwa mafungu, na fedha hizo ndizo zinazonunua madaftari ya watoto na sabuni ya nyumba. Mwaka jana, mwezi wa Juni, aliniita tukiwa kila mtu upande wake wa ukuta.

"Mwalimu," akasema, "maharagwe yangu hayana nguvu mwaka huu. Kwenu milimani mnafanyaje?"

Mimi nimelelewa Mugamba. Nikamjibu bila kufikiri: "Mama, mwaga majivu ya mbabula. Kwetu kila mtu hufanya hivyo."

"Kiasi gani?"

"Kadiri utakavyoyapata."

Mama wa watu akanisadiki. Kila asubuhi, alipokwisha kusafisha mbabula, alichukua kopo la majivu akayatawanya juu ya matuta yake, leo hili, kesho lile. Ilipofika Septemba, majani machanga ya maharagwe yalikuwa ya manjano, mishipa yake tu ndiyo iliyobaki kijani. Nyanya zilidumaa. Pilipili zilidondosha maua. Tuta moja tu, lililo karibu na lango, lilistawi kwa namna ya kushangaza, ingawa nalo lilipata majivu sawa na mengine. Tuta hilo ndilo lililonilazimisha kutafuta sababu, nami niliyoyapata nayaeleza hapa chini.

UCHACHU WA UDONGO NI NINI?

Kila udongo wenye unyevu una hali yake ya kemia. Upo udongo mchachu, kama ulivyo mchachu ndimu, na upo udongo wenye magadi, ambao ni kinyume chake. Kati ya hizo mbili ipo hali ya wastani, isiyo chachu wala ya magadi. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na kiwanda cha bia.

Kipimo hicho huhesabiwa kutoka 0 hadi 14. Namba 7 ni wastani. Chini ya 7 ni uchachu, na kadiri namba inavyopungua ndivyo uchachu unavyozidi. Juu ya 7 ni magadi. Jambo la kukumbuka ni kuwa kila hatua moja ni sawa na mara kumi. Udongo wenye pH ya 5 ni mchachu mara kumi kuliko wenye 6, na mara mia kuliko wenye 7. Kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno kwa mizizi.

Mboga nyingi za nyumbani hustawi kati ya 6 na 7. Katika hali hiyo chakula kilichomo udongoni huyeyuka kwa kiasi kinachofaa, na mizizi hukifikia. Udongo ukizidi kuwa mchachu, au ukizidi kuwa na magadi, chakula huweza kuwapo tele na mmea ukafa njaa, kama mtu aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe.

KWA NINI MILIMANI SI SAWA NA UFUKONI?

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nchi ya Burundi ni ndogo, lakini udongo wake si mmoja. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya bahari, hali vilele vya milima inayotenganisha maji ya Kongo na ya Nili hupita mita 2,500. Huko juu mvua ya mwaka mara nyingi huzidi milimita 1,500. Mvua hiyo, kwa maelfu ya miaka, imeosha kalsiamu, magnesi na potasi, ikazipeleka mabondeni, ikaacha udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi. Udongo wa namna hiyo huwa mchachu, na sehemu nyingi pH yake iko chini ya 5.5, pengine hata chini ya 5.

Chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Ncha za mizizi huwa fupi na nene, zisiweze kutafuta maji. Fosforasi nayo hushikwa na chuma na alumini, mmea usiipate. Ndiyo maana sehemu nyingi za Mugamba na Bututsi huota nyasi ngumu ziitwazo ishinge, na maharagwe yasiyotiwa kitu hutoa maganda machache. Mchai, kinyume chake, hupenda uchachu wa kati ya 4.5 na 5.5, na mashamba ya chai ya Teza na Rwegura ni ushahidi wa jambo hilo.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha pH, lakini walikuwa na macho. Waliona kuwa ardhi iliyozunguka rugo, mahali panapotupwa majivu, maganda na samadi, huzaa kuliko ardhi ya mbali. Majivu yana kalsiamu na potasi, nayo hupunguza uchachu. Kwa hiyo mama zetu wa milimani walikuwa na haki kabisa kuyamwaga kwenye maharagwe. Mimi ndimi niliyelichukua shauri lao na kushuka nalo hadi ziwani bila kulichunguza.

Kinindo iko katika tambarare ya Imbo, kusini mwa jiji la Bujumbura, jirani na ziwa. Mvua ya hapa ni karibu milimita 800 hadi 900 kwa mwaka, na jua ni kali. Udongo wa tambarare hii umeletwa na mito na ziwa, na kwa kawaida hauna uchachu mkali kama ule wa milimani. Sehemu nyingine za tambarare, hasa upande wa mto Rusizi, zina chumvi na magadi. Zaidi ya hayo, maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana magadi, pH yake ikikaribia 9, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka katika ziwa hilo. Mtu anayemwagilia kiangazi chote, kuanzia Juni hadi Septemba, huongeza magadi kidogo kidogo pasipo kujua. Tena viwanja vyetu vya mjini vimejaa mabaki ya ujenzi. Saruji na chokaa ya kuta, vikifukiwa udongoni, hufanya kazi hiyohiyo.

Jirani yangu alikuwa na vyote hivyo, nami nikamwongezea majivu.

Vipi basi kuhusu lile tuta la langoni? Nilipomwuliza, alikumbuka kwamba miaka michache iliyopita mume wake alinunua lori la udongo mwekundu kutoka milimani ili kuinua mahali palipokuwa pakituama maji. Tulipopeleka udongo kupimwa, tuta la langoni lilikuwa na 5.9 hata baada ya majivu yote yale, na matuta ya nyuma yalikuwa na 8.2. Ndani ya ua mmoja mlikuwa na udongo wa aina mbili, mmoja uliohitaji majivu na mwingine uliodhuriwa nayo.

NAMNA YA KUUJUA UDONGO WAKO

Mpishi mwema huonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Mwenye bustani naye na afanye vivyo hivyo, ila chombo chake cha kuonjea si ulimi.

Kwanza, tazama mimea. Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa ikabaki kijani, shuku magadi, kwa kuwa chuma kimezuiwa kisifike kwenye mmea. Mimea ikidumaa, mizizi ikiwa mifupi na minene, na kabichi zikiwa na mizizi iliyovimba kama marungu, shuku uchachu. Lakini dalili za majani peke yake zaweza kudanganya, kwani njaa ya samadi na maji yaliyotuama huleta pia umanjano.

Pili, tumia siki. Chukua kijiko cha udongo mkavu, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, una chokaa ndani yake, nawe usiuongezee chokaa wala majivu. Usipotoa mapovu, usihitimishe kuwa ni mchachu. Siki imekwambia tu kwamba chokaa haionekani.

Tatu, tumia kabichi ya zambarau. Katakata majani yake machache, uyachemshe kwa dakika 10 katika maji safi ya mvua, kisha uchuje. Maji hayo yatakuwa na rangi ya zambarau. Katika kikombe kingine koroga vijiko 2 vya udongo na maji ya mvua, uache utuame kwa nusu saa. Maji ya juu yanayoelea yachanganye na yale ya kabichi. Rangi ikielekea wekundu, udongo ni mchachu. Ikibaki zambarau au buluu, uko karibu na wastani. Ikielekea kijani, una magadi. Usitumie maji ya bomba wala ya ziwa kwa jaribio hili, maana yenyewe yana magadi na yatakupa jawabu la uongo.

Nne, na hii ndiyo njia iliyo bora, peleka udongo maabara. Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi, ISABU, iliyoanzishwa mwaka 1962, ina maabara ya uchunguzi wa udongo. Chimba mahali 5 hadi 10 katika bustani, kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye udongo huo katika ndoo safi isiyowahi kubeba majivu, uanike kivulini, kisha uchukue nusu kilo. Kama sehemu moja ya bustani ina rangi tofauti na nyingine, au ililetwa kwa lori, ifanyie kifurushi chake peke yake. Laiti tungalichanganya tuta la langoni na yale ya nyuma, tungalipata namba ya katikati, na namba hiyo isingalikuwa ya kweli kwa tuta lolote.

UDONGO UKIWA MCHACHU

Wasomaji wetu wa milimani, na wale wa mjini waliojaza viwanja vyao udongo mwekundu, watahitaji chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo kwa Kirundi huitwa ishwagara. Kwa udongo mzito wenye pH ya karibu 5, gramu 200 kwa mita moja ya mraba ni mwanzo mzuri, nayo ni sawa na tani 2 kwa hekta. Kwa udongo wa kichanga tumia nusu ya kiasi hicho. Itawanye sawasawa, uichanganye na udongo kwa jembe, ungoje angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda. Ifanye kazi hiyo udongo ukiwa na unyevu, maana chokaa iliyolala juu ya udongo mkavu haifanyi lolote. Usirudie mpaka upime tena baada ya mwaka.

Chokaa ya wajenzi iliyokwisha kuzimwa kwa maji ina nguvu zaidi, hivyo tumia robo tatu tu ya kiasi kilichotajwa. Chokaa isiyozimwa huunguza macho na mikono, isiingie bustanini kabisa.

Majivu ya kuni au ya makaa ni mazuri, ila nguvu yake ni nusu ya chokaa au pungufu. Yachunge kwa chekeche na uyaweke mahali pakavu. Konzi mbili au tatu za mtu mzima kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka, zinatosha. Majivu ya takataka zenye plastiki, au ya mbao zilizopakwa rangi, yana sumu, yasiguse mboga. Tena usiyachanganye na samadi mbichi wala mbolea ya urea, kwa kuwa majivu huifukuza naitrojeni ikatoka kama mvuke wenye harufu kali. Acha wiki 3 au 4 kati ya kimoja na kingine.

UDONGO UKIWA NA MAGADI

Huyu ni mgonjwa mgumu zaidi, kwani magadi hupungua polepole. La kwanza ni kuacha kuongeza. Majivu yote yasimame. La pili ni mboji. Kila upandapo, tia ndoo moja ya lita 10 ya mboji iliyoiva vizuri kwa kila mita ya mraba. Mboji inapoendelea kuoza hutoa uchachu mdogo, na huyashika madini ya chuma na zinki ili mizizi iyapate. La tatu ni maji ya mvua. Wenye mabati na wakinge pipa chini ya mchirizi, na mvua za Oktoba hadi Mei ziachwe zipenye na kuosha matuta, badala ya kupita juu kama mto.

Ukihitaji mbolea ya dukani, salfeti ya amonia hupunguza magadi kidogo kidogo. Gramu 20 kwa mita ya mraba kwa msimu zinatosha. Unga wa kiberiti pia husaidia, lakini huchukua miezi, na katika udongo unaotoa mapovu kwa siki hupotea bure. Usimwage siki wala maji ya ndimu bustanini, maana nguvu yake hutoweka upesi, na mizizi huweza kuungua kwanza. Na masimbi ya kahawa, yanayosifiwa na watu wengi, ni mazuri kwa mboji lakini hayabadilishi uchachu kwa kiasi cha kutegemewa.

KULIKO KUUBADILI UDONGO, CHAGUA MBOGA

Pengine njia rahisi ni kuupa udongo mgeni anayeupenda. Lengalenga, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mchicha, huvumilia sana, tangu 5.5 hadi 7.5 na zaidi. Kabichi na kitunguu hupenda 6 hadi 7, na kabichi haikasiriki ikifika 7.5. Tena ugonjwa wa mizizi kuvimba hupungua pale uchachu unapopungua. Nyanya, biringanya na pilipili hutaka 6 hadi 7. Maharagwe hutaka hivyohivyo, nayo ni ya kwanza kugeuka manjano penye magadi. Viazi vitamu hustahimili uchachu mpaka 5. Viazi ulaya navyo hupenda 5 hadi 6, na ukivitia chokaa nyingi maganda yake huota magamba. Kwa hiyo mwenye tuta chachu na asikate tamaa, apande viazi hali akiliponya taratibu.

Kabla ya kuweka kalamu chini, niwape habari za bustani iliyoleta makala haya. Tangu Oktoba jirani yangu hajamwaga majivu nyuma ya nyumba. Tumejenga shimo la mboji linalopokea maganda ya ndizi na majani ya pande zote mbili za ukuta, nami napeleka ndoo yangu kila Jumamosi. Maharagwe ameyahamishia tuta la langoni, na nyuma amepanda lengalenga. Matuta matatu kati ya matano yameanza kurudi. Mawili bado. Madaftari ya muhula ule niliyanunua mimi, na hilo halikuwa jambo la kushukuriwa.

Majuzi aliniita tena ukutani. Mgeni wake kutoka Gitega alikuwa amemwambia kwamba maganda ya mayai huponya nyanya.

"Wasemaje, mwalimu?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Tupime kwanza."

Akacheka, akaenda kuleta ndoo safi.

Hadi juma lijalo, nawatakia matuta yenye afya na chungu kisichokosa mboga.